Ukuta wa Mama Uzio

Mama Uzio hakupewa jina hilo bure. Kila uwanja wa ndege ulipotanuka, uzio ulisogea, na familia yao ikafukuzwa mbele ya uzio kama kuku jikoni. Enzi zile uwanja ulipokuwa kipande cha nyasi, ndege moja ya barua ikitua baada ya watu kufukuza mbuzi, baba mkwe wake alihama kwa hiari. Aliambiwa ni maendeleo, akajibebea milango kichwani huku anacheka. Ulipowekwa lami, ikawa zamu ya mumewe. Huyo hakucheka. Alijenga upya kwa mikono yake, akapiga lipu ukuta wa mwisho, akaugua, akafa. Sasa uwanja unataka kuitwa wa kimataifa, ndege kubwa zinadai njia ndefu zaidi, na njia yenyewe eti ipite katikati ya chumba chake cha kulala!

"Safari hii sitoki," alisema Mama Uzio, na yeye akisema kasema.

Na aliyetumwa kuchora alama nyekundu ya kubomoa alikuwa nani? Mwanawe wa kuzaa, kifunguamimba wake, mpima ardhi wa uwanja. Bosi alimchagua makusudi, akidhani mama hatagombana na mwanawe. Masikini bosi, hakumjua mama.

Utaratibu wa uwanja ulikuwa mmoja: alama huchorwa na mpima tu, na nyumba isiyo na alama haiguswi na tingatinga. Basi mpima akichora asubuhi, mama anatoka na ndoo ya chokaa, anapaka juu yake, rangi ikiwa bado mbichi. Akirudi kuchora jioni, mama naye huyo.

"Mama, nitafukuzwa kazi," alimwambia, brashi mkononi. "Nina watoto."

"Na mimi nina mtoto, ndiye huyu anayenibomolea. Chora, baba. Chora vizuri, mkono usitetemeke. Ukuta huu alipiga lipu baba yako."

Akachora huku anafuta pua. Moyo ulimuuma mama, tena sana, lakini chokaa alipaka.

Siku tingatinga lilipokuja, bosi alishuka garini akakuta ukuta mweupe pe. Akamtumbulia macho mpima.

"Alama yako iko wapi?"



Mama Uzio alisimama mlangoni, chokaa imemkaukia mikononi. Alijua jibu litakalokuja: mama kafuta. Ni kweli tupu, na mwanawe angelisema tu, kazi yake ingepona. Asingemlaumu hata kidogo.

Bosi akamsukumia mpima kopo la rangi. "Chora sasa hivi, nikuone."

Mwanawe akalitazama kopo, akaliweka chini taratibu. "Sichori. Tumehama mara mbili, inatosha."

Bosi alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akamfukuza kazi palepale mbele ya majirani. Dereva wa tingatinga aliona hakuna alama, akageuza akaenda zake.

Walipoondoka, Mama Uzio akamsogelea mwanawe. Siku zote alikuwa amepigana akijua kwamba wajukuu wake watakula kwa mshahara wa mwanawe. Hilo hakuwahi kulikiri hata moyoni.

"Umefanya nini, baba? Kesho watamleta mpima mwingine."

"Najua." Mwanawe akavua koti la kazi, akaketi kizingitini. "Atatukuta wawili."