Marubani wa Bi Zuhura

Maharagwe yalikuwa yanatokota, tui zito linasubiri kwenye bakuli, siku Bi Zuhura wa Dunda alipofika kwa mara ya kwanza mbele ya lile jitu la mwisho. Alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, padi ya gemu mapajani, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kutwanga. Kwenye televisheni ndege yake ndogo nyeupe ilikuwa imebakiwa na roho moja. Jitu lilikuwa na mikono sita na kila mkono unatema moto. Bi Zuhura hakupepesa.

Kazi hiyo alipewa na Mansoor mwenye duka la vyombo vya umeme. Mansoor alipokuwa anafunga duka la marehemu baba yake, alikuta stoo boksi zima la kaseti za gemu za zamani, zile za ndege na roketi za kupigana risasi, za enzi za televisheni zenye kisogo. Wapenzi wa vitu hivyo wapo, tena wengi, ila wapo nchi za mbali na hawanunui mpaka waambiwe gemu ikoje. Mansoor akizitazama anapata kizunguzungu. Binti yake Nasim hana subira. Bi Zuhura alikuwa mjane mwenye macho makali na mchana mrefu. Basi yeye akawa anacheza na kutoa nyota, moja mpaka tano, na Nasim anamrekodi kwa simu, anatafsiri, anaweka mtandaoni.

Hukumu zake zilipendwa kwa sababu alionja gemu kama watu wanavyoonja mchuzi.

“Hii imekolea mwanzoni, katikati maji matupu,” alikuwa akisema. “Nyota mbili. Mpishi alichoka.” Au: “Muziki wake kama mtu anakwangua ukoko, lakini ndege inamtii mkono kama mtoto aliyefunzwa. Nyota nne.”

Mtu mmoja wa Brazili aliandika kuuliza ukoko ni nini. Nasim alimjibu kwa picha ya sufuria.

Sasa siku hiyo, jitu limebakiza mikono miwili, Mwanaharusi wa nyumba ya tatu alisimama mlangoni akihema.

“Hodi! Da Zuhura, Bi Raya katutoka. Maji yashatengwa. Unangojewa wewe tu.”

“Innalillahi,” alisema Bi Zuhura, macho yakiwa kwenye televisheni. “Tangulia. Nakuja.”

Bi Zuhura ndiye aliyekuwa muosha wa wanawake wa mtaa ule. Muosha anatakiwa awe na vitu viwili, mkono mwepesi na mdomo mzito, kwa maana alichokiona juu ya kitanda cha kuoshea hukifukia kabla maiti hajafukiwa. Wengi wana kimoja. Yeye alikuwa navyo vyote, na Bi Raya alikuwa shoga yake tangu wakiwa na mikufu ya shanga. Walikuwa wameahidiana zamani, wakichambua mchele, kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake na mkono mwingine usimguse.

Bi Raya alikuwa na sababu yake. Mgongo wake ulikuwa na michirizi kuanzia mabegani hadi kiunoni, kazi ya waya wa pasi. Mwenye waya alikuwa mumewe, marehemu Mwalimu Abdillah, aliyesomesha chuo cha Kurani kwa miaka mingi na watu wakimpa mikono miwili barabarani. Mgongo ule aliuona Bi Zuhura peke yake, siku aliyoupaka mafuta ya nazi. Watoto wa Bi Raya hawakuambiwa. Walikua wakimpenda baba yao, wakampa mjukuu jina lake.

Bi Zuhura alijiambia kwamba gemu ile haiachiki katikati. Alijiambia pia kwamba maiti hana haraka, ingawa kwa kazi yake alijua kwamba katika nyumba nzima yenye msiba huwa hakuna mwenye haraka kama maiti. Jitu likakatika mkono wa tano, likapandwa na hasira, likaanza upya kwa rangi nyingine. Maharagwe yakaungua. Jitu likafa. Kwenye televisheni zikapita fataki na maandishi ya kumpongeza kwa lugha asiyoijua.

Alipofika msibani, Bi Raya alikuwa ameshavishwa sanda. Wanaume walikuwa nje wanaulizana kulikoni, na Mwanaharusi alikuwa amechukua wasichana wawili, wakamwosha wenyewe, mbiombio, hata nywele hawakumfumua.

“Da Zuhura, kulikoni?” aliuliza Mwanaharusi.

“Mguu,” alisema Bi Zuhura. “Umenikaza.”

Watu walimwonea huruma. Akaletewa kiti na kikombe cha chai ya tangawizi, akainywa.

Mwanaharusi ni mtu mwema, kila mtu atakwambia, ila mdomo wake ni bomba lililokatika koki. Matanga hayajaanuliwa, kisimani watu walikuwa wanaujua mgongo wa Bi Raya mchirizi kwa mchirizi, na wengine walikuwa wanajua na aina ya pasi. Watoto wa Bi Raya hawakujua waitoe picha ya baba yao sebuleni au waiache. Waliigeuza ikatazama ukuta.

Siku iliyofuata mazishi, baada ya Alasiri, rubani wa kwanza alipiga hodi kwa Bi Zuhura.

Kimo chake kilikuwa cha birika. Alikuwa wa kijani, kingo zake zote za pembepembe kama aliyeshonwa kwa mishono ya msalaba, na alikuwa ananuka plastiki iliyoungua.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Watoka wapi?”

“Steji ya pili. Ulinipiga pale darajani.”

Bi Zuhura akamkumbuka. Alikuwa msumbufu kidogo, anakuja kwa pembeni.

“Haya. Na shida yako?”

“Kuoshwa.”

Ombi lilikuwa la haki. Aliteka maji, akachanganya majani ya mkunazi, akamwosha kwenye beseni kuanzia kulia kwenda kushoto, akamkatia kipande cha bafta ukubwa wa leso, akamtia kafuri na pamba. Rubani akalala mwenyewe ndani ya sanda yake, akafumba macho, akawa maiti kama maiti wengine. Nje walikuwa wameshakaa saba.

Lilizuka suala la sheria, kama yafaa mwanamke aoshe marubani. Bi Zuhura alikwenda kwa shehe wa mtaa kuuliza. Shehe aliuliza kama wana ndevu. Akajibiwa wana helmeti tu, chini yake hapajulikani.

“Basi waoshe,” alisema shehe, “lakini helmeti usiwavue. Yatakayokuwemo humo tumwachie mwenyewe Mola.”

Mtaa ulizoea kabla ya Ijumaa. Wacheza bao wa barazani walijisogeza ili foleni ipate pa kukaa. Vijana walichimba vikaburi nyuma ya mnazi uliokatika, na maiti waliwabeba kwenye sinia la pilau, kwa sababu kuwatia kwenye jeneza la msikiti kungekuwa masihara. Kina mama waliwakanya watoto wao wasikimbie ovyo wasije wakakanyaga mgeni. Muuza kahawa aliuliza kama wanakunywa. Alipoambiwa hapana, aliendelea na njia yake, kidogo kakasirika.

Na sifa zikaanza. “Mtazame Bi Zuhura, mguu mbovu, na bado anaosha watu hata asiowajua.” “Mwanamke wa peponi yule.” Mwanaharusi alimletea mafuta ya kuchulia yaliyotoka Msata, ya mzee anayesifika mpaka stendi ya mabasi. Bi Zuhura aliyapokea kwa mikono miwili. Alichechemea kumsindikiza mpaka mlangoni, na alipogeuka kurudi akachechemea kwa mguu wa pili, maana alikuwa amesahau. Kila sifa ilimwingia kama mwiba wa samaki, haumezeki na hautemeki, na mbele za watu inabidi utabasamu.

Ndipo siku moja, akiwa amemaliza kundi la zambarau la steji ya nne, aliinua macho akamwona Bi Raya. Alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Sanda ameifunga kifuani kama kanga, nywele bado zimesukwa twende kilioni.

“Shoga,” alisema Bi Zuhura. Aliliweka beseni chini.

“Naam, shoga. Mguu waonaje?”

“Afadhali.”

“Leo ni upi? Jana nilikuona wa kushoto.”

Bi Raya alicheka kile kicheko chake cha puani, kilichowahi kuwatoa wote wawili kwenye darasa la tatu.

“Nimekuja kuoshwa,” alisema. “Wale wasichana wa Mwanaharusi waliniosha kama wanaosha masufuria ya shughuli. Lakini usinitangulize, nitangoja zamu yangu. Hawa watoto wametoka mbali.”

Na hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa sababu foleni ilikuwa haiishi. Bi Zuhura alikuwa anaosha kuanzia Alasiri mpaka adhana ya Magharibi, kisha waliobaki wanaaga kwa adabu na kurudi kesho. Kama siku moja angeiacha padi ukutani, foleni ingefika mwisho na zamu ya Bi Raya ingefika. Alilijua hilo. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kufagia, alichomeka kaseti na kuua wengine.

Si kwamba hakutaka kumwosha. Alikuwa ameshaweka kando bafta mpya na udi wa maana. Ila kumwosha ni kumgeuza, na kumgeuza ni kuutazama ule mgongo, ambao sasa hata muuza dagaa anaujua. Maji yangetoa nini pale? Macho ya watu hayatoki kwa mkunazi.

Bi Raya hakunung'unika. Alikuwa anawapisha waliochelewa, anawafunga kamba za viatu marubani waliofunguka, anasalimiana na wapita njia. Watu walimwitikia vizuri, ila wakishapita walikuwa wanageuka kumtazama mgongoni. Aliposikia wanageuka, alikuwa anaegemea ukuta.

Mchana mmoja Nasim alikuja na simu yake. Ilikuwa siku ya kuitolea nyota ile gemu yenye jitu, na wanunuzi wawili walikuwa wanaigombania. Bi Zuhura ilibidi aicheze mbele yake mpaka mwisho. Bi Raya akaacha nafasi yake kwenye foleni, akamwomba rubani mmoja amshikie, akaingia ndani, akakaa mkekani pembeni ya shoga yake kama walivyokuwa wakikaa kuchambua mchele.

“Shikamoo, Bi Raya,” alisema Nasim.

“Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?”

“Hajambo, kizunguzungu tu.”

Jitu likaingia. Mikono sita.

“Ndilo hili?” aliuliza Bi Raya.

“Ndilo.”

“Lile la siku ile?”

“Lile.”

Bi Raya alitazama. Aliusifu moto, akasema una rangi ya embe bolibo. Alitazama mikono ya shoga yake nayo, vidole vinavyokwenda bila kukosea, vidole alivyoahidiwa.

“Kinachorusha risasi ni kipi?”

“Hiki chekundu.”

“Na hiki?”

“Bomu.”

“Na hiki kidogo cha katikati, ambacho hukigusi?”

Ndege nyeupe ilipita kati ya risasi mbili, ikapita kati ya nyingine mbili. Nje, rubani mmoja alikohoa.

“Cha kusimamisha,” alisema Bi Zuhura.

“Ukikibonyeza inakuwaje?”

“Kila kitu kinatulia kama kilivyo. Jitu, moto, risasi. Unaweza kwenda kokote, ukarudi, ukavikuta.”

“Hata mazikoni?”

“Hata mazikoni.”

“Aa,” alisema Bi Raya.

Alikaa kidogo zaidi, kwa adabu, ili isionekane kwamba ameondoka kwa ajili ya neno lile. Kisha alijiinua, akakung'uta sanda, akasema mkeka huu mzuri, ukili wake umeshonwa na mtu asiye na haraka. Akatoka. Alitoka kinyumenyume, uso ukiwatazama, mpaka alipouvuka mlango.

Jitu likafa. Zikapita fataki.

Nasim aliisogeza simu. “Haya, bibi. Nyota ngapi?”

“Tano.”

“Tano! Hujawahi kutoa tano.”

“Natoa leo.”

“Na kasoro? Wale watu lazima waambiwe kasoro moja, la sivyo wanaona tunawauzia maneno.”

Bi Zuhura alikuwa anaitazama padi mkononi. Kile kitufe kidogo kilikuwa kinang'aa kama siku kilipotoka kiwandani, maana hakijawahi kushikwa.

“Haina,” alisema. “Sema gemu yenyewe haina kasoro.”

Nasim akasema hivyo kwa lugha ya watu wale, akaaga. Bi Zuhura alijifunga kanga vizuri, akachukua ndoo na majani yake, akatoka barazani akichechemea. Foleni ilikuwa imeongezeka. Walikuwemo wapya wenye rangi ya embe bolibo, bado wanafuka moshi.

“Shikamoo, bibi,” walisema wote.

“Marahaba. Nani wa mbele?”

Wa mbele akasogea. Kule mwisho, Bi Raya aliegemea ukuta, akawapisha wale wapya.