Siku Mashine Ilipopanda Mlima

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba ni saa nne na robo asubuhi, na kalenda ya ofisini imekaa kwenye kiti changu, imekunja miguu.

Sikushangaa. Niliiuliza kama ina miadi.

"Sina," ikasema. "Nimekuja kuhusu kesho."

Lazima nieleze kazi yangu, maana mengi yaliyofuata yalitoka huko. Naitwa Mbonea. Mimi ni mtafiti katika redio ndogo ya mkoa. Kila asubuhi, saa moja kasoro dakika tano, mtangazaji husoma kipengele kiitwacho Siku Kama ya Leo: jambo lililotokea tarehe hiyo, mwaka fulani, mahali fulani. Mimi ndiye ninayemwandikia. Nina kanuni moja, nimeibandika ukutani: hakuna tukio linalosomwa hewani bila mashahidi wawili wasiojuana.

Mama husikiliza kipengele hicho kila siku, redio ikiwa juu ya kabati la vyombo. Anaishi kwangu. Jina lake Nanzia. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe mosi Julai 1953, lakini hiyo ni tarehe ya karani. Wazee wasiojua siku zao waliandikiwa hiyo hiyo, mmoja baada ya mwingine, foleni ipate kusogea. Anachokijua yeye ni alichoambiwa na mama yake: kwamba alizaliwa siku mashine ya kusaga ilipopanda mlima, kule kijijini kwetu Upareni. Mwaka unajulikana. Siku haijulikani.

Wiki iliyopita, tukirudi kutoka mazikoni, aliniambia:

"Baba, msalaba wangu utaandikwa nusu. Kufa mtaandika, kuzaliwa mtaacha wazi."

"Tutaandika mwaka, mama."

"Mwaka ni wa watu wote. Mimi nataka siku."

Nilimjibu kwamba hakuna ushahidi.

Sasa nirudi kwenye kalenda.

"Kesho ni tarehe kumi na nane Agosti," ikasema. "Nimefungua jalada lako. Halina kitu."

"Lilikuwa na tukio moja. Shahidi wa pili alikuwa amenakili kwa wa kwanza, nikalifuta."

"Tarehe isiyo na tukio hurukwa."

"Hiyo ni kanuni ya wapi?"

Ikajifunua ukurasa, na nyuma ya ukurasa palikuwa na mlango ambao ofisini kwetu haupo.

Ndani pana ukumbi kama ule wa kumsubiria daktari. Kwenye benchi zimekaa siku kumi, zote zimevaa makoti ya aina moja, mikono juu ya magoti.

"Sisi ni Oktoba," inasema ya mwanzo. "Tano hadi kumi na nne, mwaka 1582. Walipobadilisha kalenda, watu walilala tarehe nne wakaamka tarehe kumi na tano."

"Katika nchi zilizotangulia kuipokea kalenda mpya," nasema.

"Katika nchi hizo, ndiyo. Umesoma."

"Hamna hata tukio moja?"

"Hata mtoto mmoja hajazaliwa kwetu. Nafasi tunayo. Kama una mtu wako asiye na siku, mlete, tutamtunza vizuri."

Ilisema kwa upole kiasi kwamba nilijifanya natafuta kitu kwenye makaratasi yangu. Kisha nikaieleza kwamba siwezi kumweka mama yangu kwenye siku ambayo haikuwapo.

"Tulijua utasema hivyo," inasema.

Siku zote kumi zinajisogeza, zinabanana, mpaka panapatikana mwanya wa mmoja mwishoni mwa benchi. Juu ya mwanya huo kuna karatasi imeandikwa: 18 Agosti.

Karibu na dirisha vimesimama Vita vya Agosti 27, 1896, vile vya Zanzibar. Vimeshika kofia mkononi, kama mgeni aliyekwisha kuaga.

"Dakika thelathini na nane," vinaniambia kabla sijauliza.

"Vyanzo vinatofautiana. Wapo wanaosema zilizidi arobaini."

"Andika unavyotaka. Watu huucheka ufupi wangu. Waliokufa hawakuuona."

Nikaliandika hilo, ingawa shahidi alikuwa mmoja.

Mlango unafunguka, na tarehe Mosi Julai inaingia kinyumenyume kwa sababu mzigo wake haupiti. Mgongo umepinda. Juu yake wamekaa wazee wasiohesabika, wenye bakora, wenye vikapu, wengine wamesinzia. Ukingoni kabisa amekaa mama yangu, ameweka mkoba juu ya magoti na kubana viwiko, kama mtu aliyeambiwa asichukue nafasi ya wenzake.

"Mama, shuka," nasema.

"Nishukie wapi, baba?"



"Ndugu mtafiti," inasema Mosi Julai, ikihema. "Mimi nina watu wangu wa haki, nawajua kwa sura. Hawa wengine nimetwishwa. Nitolee mmoja tu, ninyooshe mgongo kidogo."

"Nikimtoa bila ushahidi nitakuwa sina tofauti na karani."

"Basi nenda kautafute. Nitakungoja hapa nimesimama. Kukaa siwezi, unaona mwenyewe."

"Na ufanye haraka," inasema kalenda kutoka mlangoni. "Ikifika saa moja kasoro tano, kumi na nane inakaa pale kwenye benchi, na aliyezaliwa siku hiyo anakaa nayo."

Sakafu inainama. Inaota majani pembeni, inakuwa njia, na njia yenyewe ni ile ya kwetu, yenye kona saba. Mbele yangu wanaume ishirini na wanne wamebeba mashine ya kusaga kwenye miti. Bado haijafungwa vizuri: kinywa kimebebwa mbele, gurudumu nyuma.

"Taratibu, jamani," inasema mashine. "Mmenibana kinywa."

"Ndiyo raha yetu," anajibu mmoja. "Ungetusimulia mpaka juu habari za meli iliyokuleta."

"Nimekuja kuwapumzisha wake zenu."

"Tutaona. Ukifika juu ukagoma, tunakuviringisha mpaka chini, Same."

Wote wanacheka, na mashine nayo inacheka, jambo linaloongeza uzito. Namsogelea yule wa nyuma.

"Samahani, leo ni tarehe ngapi?"

"Leo?" Anahamisha mti kutoka bega moja kwenda jingine. "Leo ni mabega, ndugu yangu. Tarehe tutaijua tukiitua."

Wanaitua. Juu pana kibanda cha mabati mapya, na mbele yake foleni ya wanawake wenye vikapu vya mahindi. Wa kwanza kwenye foleni ni Bibi Namcha, mama yake mama yangu. Namjua kwa picha moja. Hapa ni mdogo kuliko mimi, tumbo lake limefika mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mjukuu wako."

"Mimi bado sina mtoto."

"Najua. Nimewahi."

Ananitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Hukuja na kikapu?"

"Nimekuja na kalamu. Naomba kujua leo ni tarehe ngapi."

"Leo ni siku ya mashine."

"Tarehe, bibi."

"Mjukuu wangu, unaniona nilivyo, halafu unaniuliza tarehe?" Anashika ukuta. "Rudi nyuma, au nipe mkono."

Nilifikiri. Mkono mmoja ulikuwa na kalamu, mwingine daftari. Nikaweka daftari chini, nikampa mkono wa kushoto. Hakutosheka nao. Nikaweka na kalamu.

Mashine inawashwa. Kibanda kinatetemeka, wanawake wanapiga vigelegele, na mwendesha mashine, mtu mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, anachuchumaa pembeni na kuchorachora kitu kwa ncha ya msumari. Nilitaka sana kuona anachora nini. Sikuweza kugeuka. Bibi alikuwa amenishika kwa nguvu, na kila nilipojaribu aliniambia, "Tazama huku, usiniache."

Mashine ikajizima yenyewe. Baadaye ilieleza kwamba ilitaka kusikia.

Mtoto analia mara moja, anafungwa kwenye kitambaa, analetwa. Ana umri wa dakika mbili. Anafungua macho, ananitambua, anasema kwa sauti yake ya siku zote:

"Baba, umeshakula?"

"Bado, mama."

"Utaumwa tumbo."

Kwa mbali nasikia kalenda ikihesabu dakika. Nikamwomba bibi aniachie mkono mmoja, akaniachia wa kulia. Nikaokota kalamu.

"Mashine, unathibitisha kwamba mtoto huyu amezaliwa siku uliyopanda mlima?"

"Nilikuwapo. Nilinyamaza kwa ajili yake."

"Shahidi wa kwanza. Yupo wa pili?"

"Nipo," inatoka sauti ndani ya unga.

Ni kibaba, kopo la bati la kupimia. Kimebonyea ubavuni, kana kwamba kuna mtu alikikalia.

"Mnajuana?" nauliza.

Mashine inatazama dari. Kibaba kinatazama unga.

"Simjui huyu," inasema mashine.

"Hata mimi simjui," kinasema kibaba. "Ingawa amenimwagia unga tangu asubuhi."

"Kwa hiyo mnajuana."

"Tumeonana."

"Basi ushahidi umeharibika," nikasema, na nikasikia wanawake wote kwenye foleni wakiguna. Bibi Namcha hakuguna. Alinifinya mkono.

"Usikasirike, mtafiti," kinasema kibaba. "Mimi si shahidi wa mdomo. Miaka yote nimelala kwenye unga kwa kitako, wananichota na kunirudisha, hakuna anayenigeuza anisome. Mimi nimeandikwa. Nigeuze."

Nikaacha kalamu, nikanyoosha mkono wa kulia. Kilikuwa mbali kwa urefu wa kidole kimoja.

Niliamka saa kumi na moja na dakika arobaini. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekunjwa ngumi na vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Hilo huwapata watu wengi wanaolalia mkono, kwa hiyo sikulihesabu.

Jikoni taa ilikuwa inawaka. Mama alikuwa anakoroga uji. Karibu naye palikuwa na ndoo ya unga, na ndani ya unga kibaba chake cha bati, ambacho nimekiona maisha yangu yote. Kimebonyea ubavuni.

"Umeamka mapema," akasema. "Kuna nini?"

"Mama, hicho kibaba ulikipata wapi?"

"Cha mama yangu hicho. Alipewa na mwendesha mashine."

"Lini?"

"Siku aliyonizaa. Mwendesha mashine alisema mtoto aliyezaliwa kwenye foleni hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Sijawahi kukwambia?"

"Hujawahi."

Akakoroga mara mbili, tatu. "Hukuwahi kuniuliza habari za kibaba. Uliniuliza tarehe."

Nikakitoa kwenye unga, nikakigeuza. Kitako kilikuwa kijani. Miaka ya nyuma tulipopaka madirisha, mama alikipaka rangi iliyobaki kisishike kutu. Kwa macho hapakuwa na kitu. Kwa kidole palikuwa na mikwaruzo, ambayo mama aliidhani ni ya kuchakaa tu. Nikafuta unga, nikaweka karatasi nyembamba juu yake, nikapitisha ubavu wa penseli polepole, kama tunavyofanya kwa mawe ya zamani yaliyofutika. Mama alisogea, mwiko ukiwa mkononi. Tarakimu zilitoka nyeupe kwenye weusi wa penseli, moja baada ya nyingine.

18.8.53

"Kumi na nane," akasema mama.

"Agosti."

"Na leo ni ngapi?"

"Kumi na saba."

Alikaa kwenye kigoda. Uji ulianza kushika chini, nikausogeza pembeni mwa moto.

Ushahidi niliupanga hivi. Bibi Namcha alisimulia, na hakujua kuandika. Mwendesha mashine aliandika, na hakubaki kusimulia. Hao ni wawili. Kuhusu kujuana, walijuana kwa asubuhi moja. Hilo nimelikubali.

Ukurasa wa kesho niliumaliza saa kumi na mbili na dakika tano, juu ya meza ya jikoni. Una sentensi moja: Siku kama ya leo, mwaka 1953, mashine ya kusaga ilipanda mlima na kuanza kazi, na mwanamke wa kwanza kwenye foleni, Namcha, alijifungua mtoto wa kike, Nanzia binti Senkondo.

Mama aliusoma mara mbili. Kisha akakirudisha kibaba kwenye ndoo ya unga, kitako kikiwa juu.