Chupa Iliyofunguliwa Nyuma ya Ukuta

Pss! Nilisikia kizibo kikitoka nyuma ya ukuta kabla sijaona chupa wala mkono ulioishika. Kisha akatokea Gélase, bwana harusi katika suti yake nyeupe, akaniwekea bia mezani ikiwa wazi tayari.

Hapa Bujumbura chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mnywaji. Anayekufungulia kando, watu husema, ana sumu. Lakini Amélie, ambaye Gélase alininyang'anya, alikuwa akinitazama kutoka kiti cha bibi harusi. Nikainywa yote, asije akadhani ninaogopa.

Tangu siku ile, kila nikiinuka kitandani au nikigeuza kichwa, uso upande wa kushoto unanichomachoma, kama siafu wanatembea kutoka sikioni hadi mdomoni. Sikumwambia mtu. Nilingoja Jumapili, Gélase atakapokwenda kusalimia wakwe zake Mutanga Sud, nimwite mulozi, yaani mchawi, mbele yao. Mtu akiitwa hivyo mbele ya wakwe, mke anarudishwa kwao na mtaa unamtapika. Ndicho nilichotaka.

Jumapili ikafika. Nilipoinama kufunga viatu, siafu wakaamka. Nikashika shavu. Dada yangu Danielle, ambaye ni muuguzi, akaniona.

"Bonfils, una nini ku uso?"

"Sumu ya Gélase. Leo analipa." Nikamweleza yote.

"Kaa hapo."

"Niache, Dani."

"Kaa, we kichwa ngumu!" Akanigeuzia shingo taratibu kushoto. Siafu wakaja. Akairudisha katikati, wakatulia. "Sumu gani inangojea shingo igeuke? Labda neva imebanwa. Wengine ni presha inashuka wakisimama. Wengine wanapumua mbio mbio juu ya hasira, na we hasira unayo ya kuuza. Nani alipandisha kreti za bia za harusi mpaka juu ya kilima cha Kiriri?"

"Mi."

Nilizipandisha mbili mbili juu ya bega la kushoto, shingo imepinda, nikikataa kupumzika, ili Gélase aone kwamba harusi yake hainiumizi.

"Na ile chupa, mi ndiyo niliifungua. Gélase aliniomba: fungua we dada yake, asikuwe na wasiwasi. Alizani uliniona."

Damu ikanipanda. "Alinichukulia Amélie, sasa ananinyima hata sumu!"

Danielle akacheka, kisha akaacha. "Kesho, daktari. Na uso ukilegea, au maneno yakikwama, usingoje kesho, ni hospitali mbio. Na lile neno?"

Nikavua viatu. Chuki ilikuwa palepale kifuani.

"Nakuahidi, Dani. Shingo nitaipeleka, na neno mulozi halitatoka mu kinywa yangu. Lakini siku ya ubatizo wa mutoto wake wa kwanza, akizaliwa, kreti atabeba yeye mwenyewe, mi nimekaa namuangalia. Na chupa yangu atanifungulia hapa, mbele ya macho yangu, jasho linamutiririka, Amélie akiona."