Namba ya Marehemu

Umeme ulikatika saa mbili na robo asubuhi, ukarudi baada ya dakika tatu kana kwamba haukufanya lolote. Saa tatu mwalimu mkuu alikuwa anakuja kuutazama mfumo wa ratiba za shule. Akiupenda, anauchukua, asipoupenda, miezi minane ya Fundi imekwenda na maji.

Fundi, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita dada huyu, alikimbilia stoo ilikokaa kompyuta kuukuu isiyo na skrini, iliyobeba seva yake, programu inayotoa ratiba. Aliiendesha kutoka kwenye laptopu kwa skripti mbili, amri fupi alizoandika mwenyewe, washa na zima, na alizisifia utadhani kazizaa. Akaandika washa. Ikajibu: Seva tayari inafanya kazi. Akafungua ratiba, ukurasa mweupe pe. Akarudia mara nne, jibu lile lile.

"Inanidanganya mchana kweupe," alimlalamikia wifi yake, muuguzi, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu.

"Kwani inajuaje kama seva inafanya kazi?"

"Seva ikiwaka, namba yake inaandikwa kwenye faili. Faili likiwapo, seva ipo."

"Makubwa, wifi yangu. Wodini faili la mtu halituambii kama anapumua. Tunamshika mkono tukasikia mapigo."

Fundi akairukia laptopu. Kumbe umeme ulipokatika seva ilikufa ghafla, faili likabaki na namba ya marehemu. Vidole vikaenda mbio kuiandika upya washa: bisha hodi kwa seva, isipoitika, futa faili, washa upya. Zikiwa zimebaki dakika mbili, ratiba ikatokea.

Mwalimu mkuu, mama wa makamo, alifika akaikagua darasa kwa darasa, uso mkavu. "Nzuri," akasema. "Lakini umeme wa kwetu hauna adabu. Ukikatika nitakupigia simu mara ngapi kwa siku?"

Fundi hakuwa ameijaribu skripti mpya kwa kukata umeme kweli. Hata hivyo akauchomoa ukutani waya wa kompyuta ya stoo, akauchomeka tena, wakasubiri iamke. Akamsogezea mgeni laptopu. "Andika washa, mwalimu. Wewe mwenyewe."

Mwalimu mkuu akadonoa herufi kwa kidole kimoja. Seva haiitiki, ikaandika. Naiwasha. Na ratiba ikatokea.

Mama wa watu akainuka, akauchomoa waya yeye mwenyewe, akauchomeka, akaandika tena. Mara ya tatu alikuwa anadonoa kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu, akimwambia msaidizi wake awaambie wale wa kampuni nyingine, waliotaka kumwonyesha mfumo wao, wasijisumbue kuja.