Kichaka Kilichopendwa Mno

Watu wa Chama cha Bustani hawawezi kukaa karibu na jani bovu. Ukiwakaribisha chai, watainywa huku wakinyofoa majani ya manjano kwenye vyungu vyako, na wakiondoka utadhani umekaguliwa. Mwenyekiti wao, mshonaji mstaafu aliyeitwa Mama Mkasi, ndiye aliyepitiliza. Siku aliyofunga cherehani alihamia kwenye miti, na tangu hapo hakuna tawi lililopinda mtaani likalala salama.

Sasa watu hao hao ndio waliosimama kutetea kichaka.

Kichaka chenyewe kilikuwa nyuma ya soko, kwenye bonde dogo: miiba, matete, mimea ya kutambaa iliyosokotana, vyura na ndege wa kila namna. Manispaa ilitaka kukifukia na kujenga maegesho ya magari. Mama Mkasi alikosa usingizi. Nyumba yake ilikuwa chini ya bonde hilo, na kichaka ndicho kilichokuwa kikinywa maji ya mvua kabla hayajamfikia. Mwaka ambao watu wa soko walikifyeka nusu, aliamka akakuta kandambili za mumewe zinaelea chumbani, na mumewe bado anakoroma. Maegesho yakijengwa, nyumba hiyo ndiyo basi tena.

Akaenda manispaa na wenzake, akasema mpaka koo likamkauka. Wakubwa wakakubali jambo moja: afisa mazingira angekuja mwisho wa mwezi kukagua. Akikuta pori la kweli, lenye viumbe wake, kichaka kitabaki. Akikosa, tingatinga litaingia. Chama kikaambiwa kipalinde mpaka siku hiyo, pasiguswe.

Wakala kiapo: hakuna kukata, hakuna kung'oa, hakuna kufagia. Wakapangiana zamu, kila mtu na kona yake na kiti chake.

Mume wa Mama Mkasi hakuwa mwanachama wa kitu chochote. Mtaa mzima ulimwita Mzee Kesho, maana bomba likivuja atalitengeneza kesho, na mlango ukilegea ataukaza kesho. Lakini siku za mwanzo tu goti la Mama Mkasi likavimba, ikabidi zamu ashike huyo huyo. Mkewe alimpa maelekezo kama anayemkabidhi mtoto mchanga. Mzee akaitikia yote, akabeba kiti cha kuegemea, redio na mto, akaenda kona ya matete. Pakamkolea. Goti lilipopona hakutaka kuondoka, kwa hiyo Mama Mkasi akachukua kona nyingine.

Huko ndiko shetani alikomngojea. Kulikuwa na tawi moja limekauka, linaning'inia. Alilitazama siku nzima, na tawi nalo likamtazama. Kesho yake akajiambia kwamba kuondoa tawi lililokufa si kukata, ni kuzika. Akalizika. Hapo mti uliokuwa kando ukaonekana umezidi upande mmoja, akausawazisha. Basi, mikono ilikuwa imeshaanza kumwasha.

Asichojua ni kwamba mwalimu mkuu mstaafu, kona ya pili, alikuwa ameng'oa magugu machache ili apate pa kuweka miguu, kisha akaona heri apige mstari wa mawe. Kinyozi naye alikuwa amepunguza pembeni kidogo tu, kama anavyowaambia wateja wake. Kila mmoja alifanya kwa siri, na kila jioni kila mmoja alitoka na mfuko umevimba.

Siku ya ukaguzi walifika mapema, wakaduwaa. Kichaka kilikuwa kimenyolewa kama bwana harusi. Kulikuwa na njia iliyofagiwa. Kulikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa, yameizunguka miiba, na miiba imekatwa duara. Mama Mkasi akawaka. Akawauliza wenzake kama hawana haya, kiapo chao kilikuwa cha nini. Kinyozi aliutazama tu mkasi uliokuwa ukichungulia mfukoni mwa mwenyekiti. Nyani haoni kundule; mama akausukuma mkasi ndani zaidi.

Afisa alikuwa dada mwenye mabuti ya mpira. Aliitembea ile njia, mabuti yakabaki safi, akauliza kwa upole kama amepotea. Yeye ametumwa kukagua pori. Hii ni bustani, tena nzuri, na bustani mtu anaweza kuipanda kokote.

Mama Mkasi alihisi maji yameshamfika vifundoni. Akalia mbele ya wenzake, bila kujificha.

"Si manispaa iliyokiua," akasema. "Ni sisi. Tumekiua kwa kukipenda."

Afisa akainua kidole wanyamaze. Chura alikuwa akilia kwenye matete. Akaifuata sauti, na safari hii mabuti yakazama kwenye tope. Matete yalimpita kichwa. Katikati yake kulikuwa na kiti, mimea imepanda miguu yote ya kiti, na juu yake Mzee Kesho amelala. Vyura walikaa juu ya redio. Karibu na sikio lake, kwenye tete lililoinama, ndege alikuwa ametundika kiota na makinda walikuwa wakipiga kelele humo ndani.

Afisa akanong'ona: nani anaitunza kona hii?

"Mume wangu," akasema Mama Mkasi. Jibu lilianza kumtoka kwa shida, likamalizika kwa fahari, mwenyewe akashangaa.

Mzee akafumbua jicho moja. Afisa akamuuliza ametumia njia gani. Mzee akafikiri, maana alikuwa mtu mkweli.

"Nilikuwa na mpango wa kupasafisha," akasema. "Kesho."

Afisa akakata shauri papo hapo. Kichaka kibaki, na kona nyingine ziachwe zirudi kuwa pori kutokana na hii. Wanachama wasikanyage humo na chombo chochote chenye makali. Kazi ya ulinzi iwe ya huyu mzee, peke yake.

Mzee Kesho aliposikia neno kazi, alishtuka, akaanza kujiinua. Kiti kikalia, tete likatikisika, makinda wakanyamaza. Mama Mkasi akarukia tope na viatu vyake vizuri, akamshika bega, akamrudisha kitini taratibu.

"Tulia hapo hapo, mume wangu," akamwambia. "Chakula nitakuletea."