Matanga ya Raheli

Dokta Calist alipoletwa kuunganisha zahanati za Manyoni, Ulemo na Ilongero kwenye utafiti wa kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, alianza na kundi la WhatsApp. Wiki haikuisha, likajaa maombi ya asubuhi na matangazo ya mashudu ya alizeti. Kuhusu kupima, kimya. Mimi, muuguzi wa Ilongero, nilimwambia kwetu mama mzima haambiwi mambo ya chini ya kitovu kwenye simu, tena na kijana. Akanijibu, asante kwa mchango. Nilikereka kweli.

Aliyeninyima usingizi ni wifi yangu Raheli. Dada yake alipimwa akiwa hoi, akafariki mwezi uleule, basi Raheli akaamini kipimo ndicho kilichomuua. Kila nikimsihi, ana alizeti ya kupepeta. Wifi utamsukuma mpaka wapi? Niliogopa tutamzika naye.

Nikamweleza Damari, mhudumu wa afya kutoka Manyoni, aliyekuja kwenye mkutano wetu. Damari ni Mgogo, sisi Wanyaturu ni watani wake, na mtani hanuniwi.

Kesho yake aliingia uani kwa Raheli amejifunga kanga kiunoni, analia kwa sauti. Majirani wakajaa. Akauliza maiti iko wapi, akaagiza maji ya ugali yabandikwe, akamkamata jogoo wa matanga. Raheli akatoka na ungo mkononi.

"Nani amekufa?"

"Wewe, mtani. Nimelia mapema ili siku yenyewe nije kula tu."

Watu walicheka hadi Dokta Calist, aliyekuja kushuhudia, akakaa chini. Raheli alijaribu kununa, akashindwa. Akasema atakwenda kupima, ili Mgogo alale njaa.

Walikuta mabadiliko ya mwanzo, bado hayajawa saratani, wakayatibu siku hiyohiyo. Nililia mimi, tena machozi ya kweli.

Njiani kurudi Raheli alijifunga upya kanga yake. Kisha akasema, "Dada yangu tulimstahi mno. Hakupata wa kumlilia mapema."

Dokta Calist akauliza ataandikaje hayo kwenye ripoti. Alhamisi Raheli alichukua kanga yake, akapanda basi la Manyoni, kwenda kumlilia dada mkubwa wa Damari, ambaye naye alikuwa amegoma kupima.