Kizibo Kilichokosea Tundu

Gari langu lilikuwa zima kabisa mpaka nilipolitengeneza. Nasema mapema ili usihangaike kumtafuta mkosaji. Ni huyu huyu anayesimulia, Burhani wa Ijuganyondo, fundi magari, ambaye enzi za Mwingereza alikuwa haambiliki Bukoba nzima.

Mwaka huo nilikuwa nimemposa Zabibu, binti wa Mzee Ayubu wa Muleba. Mzee hakuwa na neno, lakini kwetu baba akikubali na shangazi akakunja uso, huna mke. Shangazi mwenyewe alikuwa Bi Maulida, mwanamke wa maneno machache, na alikuwa ametoa taarifa kwamba atakuja kuiona nyumba yetu na kunipima mimi ndipo atoe jibu. Nikajitia kifua mbele nikasema nitamfuata kwa gari. Ningemwacha apande basi, leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Mfuniko wa tangi la petroli ulikuwa umedondoka zamani barabara ya Kamachumu, nami nilikuwa naziba tundu kwa tambara. Gari halikuwahi kulalamika. Nilifika Muleba nalo vizuri, nikalala kwa binamu yangu, na asubuhi nilipokwisha kujaza petroli nikalitazama lile tambara nikaona aibu. Mgeni wa heshima anuke petroli? Nikachonga kizibo cha mti, nikakivika mpira wa tyubu ya zamani, nikakisokomeza mpaka kikakaza. Tambara nikalitupa mgombani. Nilijipongeza kwa sauti, na binamu yangu ni shahidi.

Bi Maulida akaingia na kikapu chake, tukaondoka. Njia nzima nilimweleza habari za injini, jambo ambalo hakuniuliza. Yeye alikuwa akitafuna buni za kukaanga kutoka kwenye kifuko kidogo, moja moja. Hakunipa hata moja, na huo ulikuwa ujumbe tosha. Kwetu mtu aliyekubaliwa hupewa kahawa atafune. Asiyepewa bado anachunguzwa.

Kwenye mlima wa kwanza gari likaanza kuishiwa nguvu. Nikakanyaga mafuta, likakohoa, likazimika. Geji ilikuwa mbovu, kwa hiyo nikang'oa kizibo, nikatumbukiza kijiti kupima. Petroli ilikuwapo tele. Nikakirudisha kizibo kwa nguvu zote, nikafungua plagi, nikazisugua, na gari likawaka. Nikamwambia shangazi kwamba plagi ni kama meno, zinataka kusuguliwa. Akaendelea kutafuna.

Mlima wa Muhutwe likazimika tena. Nikang'oa kizibo, nikapima kwa kijiti, nikakisokomeza upya. Safari hii nikasema ni kabureta, takataka zimeingia. Nikaifungua, nikaipuliza, nikameza petroli kidogo, nikajifanya sikumeza. Gari likawaka. Nikatoa hotuba nyingine huku nikicheua, na kwa kila cheuo nilizidi kunuka ile harufu niliyotaka kumwepusha nayo.

Tulipopita Kemondo likafa mara ya tatu, katikati ya barabara. Nikatangaza kwamba sasa nimeupata ugonjwa, ni pampu. Wakati huo huo likatokea lori linaloelekea Muleba, dereva wake Mwijage, mtu anayenijua na mwenye mdomo mpana. Bi Maulida akamsimamisha, akamwomba nafasi ya kurudi kwao. Hakugomba. Alichukua kikapu, akaanza kwenda kwenye lori, na Zabibu wangu akawa anaondoka ndani ya kikapu kile.

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikanyamaza. Mikono ikafanya iliyozoea, ikang'oa kizibo. Tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, kama mtu aliyezibwa pua akaachiwa. Hapana shaka lilivuta hivyo hata mara zile mbili, ila nilikuwa nasema mimi.

Hapo nikaelewa. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Tambara lilipitisha hewa. Kizibo changu kilikuwa kikilinyonga tangi. Kila nilipokitoa kupima nilikuwa nalitibu gari bila kujua, kisha nasifu plagi. Bibi yangu hakuwahi kushika spana, lakini alijua kuacha upenyo anapoziba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Ningeweza kukitia kizibo mfukoni na kusema ni pampu. Nani angejua? Nilitamani sana kufanya hivyo, hasa kwa kuwa Mwijage alikuwa ametoa kichwa nje kusikiliza. Lakini shangazi alikuwa ameshakanyaga ngazi ya lori.

"Shangazi," nikasema, "si plagi, si kabureta, wala si pampu. Ni mimi. Nimeliziba gari pumzi kwa kizibo hiki, na yote niliyokueleza tangu asubuhi nilikuwa nabuni."

Mwijage alicheka mpaka akaegemea honi. Kesho yake mji mzima ulikuwa na habari. Bi Maulida hakucheka. Alirudi akakichukua kizibo, akakigeuzageuza.

"Waitu," akaniita kwa neno letu la heshima, "na ningeondoka na lori hili, ungemwambia nani ukweli huu?"

"Nisingemwambia mtu."

Akachana ukingo wa kanga yake kuukuu, akanipa nizibie tangi. Kizibo akakitia kikapuni. Gari likawaka, likapanda kila kilima bila kukohoa, nami sikufungua mdomo. Karibu na njia ya Maruku akaufungua mkono wake mbele yangu. Kulikuwa na buni mbili. Mikono yangu ilikuwa myeusi kwa grisi, basi akanitilia mwenyewe mdomoni, na machozi yakanilengalenga mbele ya mwanamke niliyekuwa namfundisha plagi.

Siku ya harusi alikitoa kizibo mbele ya watu, akampa Zabibu.

"Ni kizuri, mwanangu, amekichonga vizuri," akamwambia. "Kilikosea tundu tu."

Zabibu amekiweka rafuni, karibu na kopo la sukari. Mteja akija na gari linalozimika, nami nikaanza kumweleza ugonjwa kabla ya kufungua boneti, mke wangu hukishusha akakiweka taratibu kando ya chai yangu. Nanyamaza, naenda kufungua boneti.